Mahali Ambapo Mteuzi Hafiki

Mteuzi alihitaji sekunde nne tu kuchagua mahali pa harusi ya watu elfu mbili. Alijua nani ana presha, nani haelewani na shemeji yake, na mvua itanyesha wilaya ipi saa ngapi. Tangu mashine hiyo iwashwe, hakuna sherehe nchini iliyokosa viti, wala hakuna watu walioshikana mashati ukumbini.

Siku ile, kwa watu wanne tu, alichukua dakika kumi na moja. Kisha akajibu kwa ile sauti yake ya muuguzi mwenye subira:

"Mahali panapofaa kwa mkutano wenu: hakuna."

Mtengela alikuwa fundi wa kuchomelea mabehewa ya anga pale Iringa. Alikuwa amekaa jikoni kwake na kilemba cha uwepo kichwani. Kilemba hicho ni kitambaa chenye nyuzi za mwanga. Ukikifunga, unawaona wenzako wameketi mbele yako kana kwamba mko chumba kimoja. Makame alikuwa Pemba, Nyanzala Mwanza, Kandida Gama Songea. Kila siku saa kumi alasiri, kwa miaka tisa, kila mmoja alichemsha kahawa yake nyumbani wakaketi pamoja. Hawakuwahi kugusana hata mkono. Sasa walitaka siku tatu tu, mahali popote, macho kwa macho.

Mtengela aliitukana ile mashine, matusi ya karakana, yasiyoandikika.

Makame akatikisa kichwa kwa mapenzi. "Wallahi ndugu yangu, wewe una upole. Hata jambo likikuudhi, unasema kama imamu."

Mtengela akamkodolea macho. Alikuwa hajawahi kuitwa mpole na mtu yeyote, hata mama yake mzazi.

"Mteuzi," alisema, "nipe sababu."

"Urafiki wenu una uwezekano mdogo wa kuhimili mkutano wa ana kwa ana. Raia Mtengela amemtukana raia Kandida mara elfu nne mia moja na kumi na mbili. Kilemba kimesawazisha kauli hizo. Bila kilemba, kusawazisha hakutawezekana."

Kila raia alikuwa na haki ya kuona kumbukumbu zake mwenyewe, basi Mtengela akaziomba. Upande mmoja paliandikwa alichosema, upande wa pili kilichofika. Alisoma cha kwanza: "We mla panya, bado hujafa tu?" Kilichofika: "Habari za leo, dada Kandida. Natumaini u mzima."

Akasoma kurasa thelathini. Zote hivyo hivyo.

Kandida alikuwa Mngoni na Mtengela Mhehe, na makabila hayo mawili ni watani tangu mababu walipochoka kuuana. Mtani hakuamkii, anakutukana, Mngoni akiitwa mla panya na Mhehe mla mbwa, na usipomrudishia anaona umemtupa. Waliomtengeneza Mteuzi na vilemba vyake hawakulijua hilo, na hawakuuliza.

Ndipo Mtengela akakumbuka msiba. Mwaka uliopita alimzika mkewe, Vumilia. Kazi ya mtani msibani inajulikana: anapiga kelele, anamwigiza marehemu, analala kaburini akikataa kutoka, mpaka mfiwa acheke apende asipende. Kandida hakuweza kusafiri, mguu ulikuwa umevunjika. Alikuja kwa kilemba, na alichosema kilikuwa: "Pole sana kwa msiba mzito." Basi. Kama karani. Mtengela hakumwambia mtu, lakini lile neno lilimkaa kooni mwaka mzima.

"Kila mtu aombe kumbukumbu zake," aliwaambia. "Sasa hivi. Msiniulize."

Waliporudi, Nyanzala alikuwa ameshika mdomo. Kandida macho yalikuwa mekundu.

"Kandida," Mtengela akasema, "siku ya msiba ulisema nini?"

Kandida akaanza kusema. Alisema kwa kirefu, akipiga paja, akinyoosha kidole, mishipa ya shingo imemtoka. Kilichomfikia Mtengela kilikuwa:

"Nilikupa pole."

"Haya," akasema Mtengela. "Tunakutana."

"Mteuzi amekataa," Nyanzala akamkumbusha. "Magari yenyewe yanamsikiliza yeye. Hakuna litakalotupeleka pamoja."

"Pamoja, hapana. Lakini mtu mmoja mmoja anasafiri atakavyo. Njooni mpaka stesheni ya Makambako, kila mtu na safari yake. Kuanzia hapo nitawapeleka mimi. Nina pikapu ya babu, ina usukani."

"Usukani!" Makame akashtuka. "Tunakwenda wapi, mkutanoni au kaburini?"

"Msituni. Kuna kambi ya zamani ya wapasua mbao, kwenye misonobari. Minara ya mawasiliano waliing'oa zamani, kilemba hakishiki chochote. Baridi yake inang'ata, paa linavuja, choo ni cha shimo."

"Mimi mtu wa karafuu, bwana! Nitaganda!"

"Ganda. Utaganda ukiwa na watu."

Mteuzi akaingilia kati. "Mahali hapo hapajapendekezwa."

"Andika kwamba nimekataa," Mtengela akamwambia. "Andika na jina langu, usilikosee."

Wiki mbili baadaye pikapu ilizimika mara tatu njiani, lakini ilifika. Safari nzima hakuna aliyesema la maana. Makame alikuwa mfupi kuliko kwenye kilemba. Nyanzala alikuwa na kigugumizi ambacho hawakuwahi kukisikia. Kandida alikuwa mzee, akichechemea, na sauti yake ilikwaruza kama msumeno. Walitazamana kwa haya, kama wageni. Mtengela akajiuliza. Vipi kama walimpenda yule mpole, ambaye si yeye?

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magogo. Alivua kilemba, akakitupa nyuma ya pikapu, akamgeukia Kandida.

"Mla panya. Mwaka mzima. Sema."

Kandida akamsogelea mpaka pua karibu zigusane.

"Nilikwambia hivi, Mhehe wewe. Toka kwenye hilo kaburi, nalala mimi! Huyo mwanamke kavumilia mkoromo wako miaka thelathini, leo ndiyo kapata usingizi, halafu unataka kumfuata? Thubutu! Ukimfuata upesi nitakufukua kwa mikono yangu nikurudishe, mla mbwa usiye na haya. Mwache apumzike. Wewe baki hapa, utusumbue sisi."

Kicheko kilimtoka Mtengela bila ruhusa yake, kikubwa, cha kuumiza mbavu. Kilipofika katikati kikageuka kilio, na hakuna kitu kilichokisawazisha. Makame alimshika bega moja, Nyanzala la pili. Mikono yao ilikuwa ya baridi, na mizito.

"Umechelewa," alisema alipoweza kusema. "Umechelewa mwaka mzima, mla panya."

"Nimefika," Kandida akajibu. "Haya, washa moto. Na huyo mbwa umempika, au umemla mwenyewe njiani?"