Aliyepewa Sauti ya Fikirini

Kibodi ilikuwa imelowa. Mwantumu aliipangusa kwa pindo la khanga, akanusa vidole: chumvi, na tope la mikoko. Ofisi ya kampuni ya kuuza kaa wa mikokoni iko Kibiti mjini, kando ya lami, maji ya chumvi yako mbali huko Nyamisati. Na chumba kile alikifunga mwenyewe jana, ufunguo ukalala kwake.

"Nani kaingia humu?" alimfokea mlinzi.

"Hata paka, dada."

Boti ya kampuni ilikuwa imezama karibu na Kiongoroni. Nahodha Fikirini kafa na wenzake, na wafiwa wakaanza kutaja mahakama. Wakili wa kampuni akapiga simu kutoka Dar: kila kilichomo kwenye mfumo kihifadhiwe kama kilivyo, mtu asifute hata herufi. Kazi akapewa Mwantumu. Kompyuta hakuisomea chuo, alijifunza kwa kubonyeza na kukosea. Hasira zake zilikuwa karibu, lakini mambo ya kupindapinda hakuyataka.

Katika kunakili alikuta sauti ya mwisho ya Fikirini, aliyomtumia bosi kabla ya safari: "Mzee Sadala, boti inavuja. Nitoke, nisitoke?" Na jibu la bosi: "Toka tu. Kaa watakufa hao."

Bosi Sadala ni mjomba wake, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"Mjomba, hii nayo naihifadhi."

"Hifadhi, mwanangu. Sisi tuna la kuficha?"

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, sauti ikajisema yenyewe. Mwantumu akazima spika, ikasema. Akachomoa waya wa umeme, ikasema, na safari hii nyuma ya maneno alisikia mtu akivuta pumzi zilizochanganyika na maji, na harufu ya tope ikapanda kutoka sakafuni, ikamjaa puani, ikamkaa kooni, na hakuwa na pa kukimbilia kwani kitasa cha mlango nacho kilikuwa kinatiririka. "Nitoke, nisitoke?"

"Jini hilo, limevaa sauti ya maiti," Sadala alimnong'oneza aliporudi na kusimuliwa. "Kesho nenda kwa Bi Mwanaheri akuzingue, likuache. Niachie paswedi, nikutazamie kazi."

Akamwachia. Mjomba wake huyo.

Bi Mwanaheri, mganga, alipomwona tu aliweka chetezo cha ubani chini.

"Wewe ndiwe Mwantumu? Mjomba wako katoka hapa alfajiri. Jini likitolewa mahali sharti lipewe kiti, mtu wa kumkalia. Nikamwambia anitajie aliye radhi, akakutaja wewe. Kasema mmeelewana."

"Hatukuelewana kitu, bibi."

Mganga akainamisha kichwa. "Basi nimeshalitoa huko ofisini, kwa jina lako, mwanangu."

Ofisini kibodi ilikuwa kavu, hewa safi. Sauti ya Fikirini haikuwepo. Nakala yake haikuwepo, wala jibu la bosi. Kwenye mfumo paliandikwa aliyefuta: Mwantumu.

"Mjomba, umenifanyaje?"

"Teremsha sauti. Mimi nina watoto wanasoma. Wewe huna mume, huna mtoto, hakimu ataona msichana kakosea, basi." Akampapasa bega kama alivyokuwa akimpapasa utotoni. "Nimekulisha miaka yote hiyo, Mwantumu."

Jumatatu wakili akaja, na Mwanasiti, mjane wa Fikirini, akaitwa wapatane bila kesi.

"Mume wangu aliniambia kaituma sauti ofisini," mjane alisema. "Nataka kuisikia."

"Mpwa wangu kaifuta," Sadala akajibu, macho chini kwa huzuni. "Muulizeni mwenyewe."

Mwantumu akafungua kinywa amwite mwongo. Yakatoka maji kwanza, ya vuguvugu, ya chumvi, yakaenea mezani mpaka kwenye mikono ya Sadala. Kisha ikatoka sauti nzito ya mwanamume.

"Mzee Sadala, boti inavuja. Nitoke, nisitoke?"

Mwanasiti akainuka taratibu. "Baba Haruna?" akamwita mumewe.

Wakili alikuwa ameshaganda ukutani. Sadala akatikisa kichwa, akatikisa tena. Sauti ikauliza mara ya pili, kwa adabu ileile ya mtu anayemsubiri bosi wake.

"Mjibu," Mwanasiti akasema. "Mjibu kama ulivyomjibu siku ile."