Kufuli la Karatasi Nyekundu

Siku za shule Elifuraha alikuwa na ratiba isiyo na mjadala. Akitoka darasani alivua sare, akala ndizi alizobakiziwa, kisha akashika mundu kwenda kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wa kwao hakuwa na subira. Akicheleweshewa majani alilia mpaka majirani wakauliza kuna nini. Majani yakishaingia zizini, ndipo Elifuraha aliporuhusiwa kuketi mbele ya kompyuta ya shangazi yake.

Mwaka huo wa 2003, kompyuta ndani ya nyumba ya Machame ilikuwa kitu cha kuonyeshwa wageni. Shangazi Priska, aliyefundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Moshi, aliinunua ikiwa imeshatumika, akaipandisha mlimani imefungwa kwa blanketi. Watu walidhani ataandikia barua. Kumbe aliitumia kutengeneza mchezo.

Mchezo huo uliitwa Mkungu. Mama mmoja anateremka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, anakwenda sokoni. Njiani kuna utelezi, kuna mifereji ya kuruka, na kuna mbuzi mchokozi anayenyofoa ndizi kila akipata nafasi. Mama akifika sokoni na mkungu wake mzima, mchezaji ameshinda. Mbuzi yule alibuniwa na Elifuraha, mwanafunzi wa darasa la sita. Alimchora kwanza nyuma ya daftari la sayansi, shangazi akamhamishia kwenye kompyuta vilevile alivyo, na ndevu zake na macho yake ya ujeuri.

"Watu wakiununua vizuri," shangazi alimwahidi, "nitapunguza vipindi vya jioni chuoni nitengeneze sehemu ya pili. Wanyama wote wa humo utachora wewe."

Tangu siku hiyo Elifuraha hakuwaza kingine. Alishachora kima, kinyonga, na jogoo mwenye kiburi. Alichosubiri ni sehemu ya pili tu.

Sidii za mchezo zilinakiliwa na Jovin, kijana mpole mwenye kibanda karibu na stendi ya Moshi. Huyohuyo ndiye aliyeinakilia kwaya ya usharika wao sidii za nyimbo. Akishamaliza, shangazi aliziuza kwa walimu wenzake, shuleni, na kwa yeyote mwenye kompyuta.

Taabu ilianzia kwenye maringo. Elifuraha alimweleza Yakobo, waliyesoma naye darasa moja, kwamba mbuzi wake anatembea ndani ya kompyuta. Yakobo akacheka.

"Mbuzi wako hata ubaoni hatembei, sembuse kwenye kompyuta."

Kesho yake Elifuraha alimletea sidii ili ajionee. Kaka yake Yakobo, aliyeitwa Efraimu, alikuwa na banda la gemu za kompyuta mjini, watoto wakilipa kucheza kwa zamu.

"Nikinakili je?" Yakobo aliuliza. "Hii yako nakurudishia kesho, haina hata mkwaruzo."

Elifuraha aliwaza kidogo. Kwao, jirani akitaka mche wa mgomba hupewa, na mgomba uliotoa mche haupungui. Tena unapata nafasi ya kupumua. Hakuona tofauti. Isitoshe, alitaka sana mbuzi wake aonekane mjini. "Nakili," alisema.

Wiki tatu baadaye shangazi Priska alirudi kutoka kazini akaketi sebuleni bila kuvua viatu. Alikuwa amepita mbele ya banda la Efraimu. Watoto walijipanga foleni mpaka nje, wakipigia kelele mbuzi. Alipouliza sidii imetoka wapi, Efraimu alimjibu kwamba mambo hayo yanazagaa tu, dada, nani ajue yanakoanzia.

"Mimi najua," shangazi alimwambia mama yake Elifuraha. "Watoto wanasema wameucheza wiki nyingi, nami nimeanza kuuza juzi tu; kabla ya hapo ulikaa mahali pawili. Hapa nyumbani na kwa Jovin."

Elifuraha alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alijua hapo ndipo pa kusema, lakini alikiweka kikombe mezani akaenda kumtazama ng'ombe, ambaye siku hiyo hakuwa na shida yoyote.

Shangazi hakugombana na Jovin. Alimwambia tu kwamba kazi zake hatampelekea tena. Lakini maneno hayakai mahali pamoja. Mwenyekiti wa kwaya aliyapata, naye akaona si busara kumwachia nyimbo zao mtu anayeuza kazi za wenzake pembeni. Kwaya ikamhama Jovin, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa ya mwaka.

Kisha shangazi akaweka kufuli. Si kufuli la chuma. Kila mchezo ulipofunguliwa, kompyuta iliuliza neno: andika neno la tatu la ukurasa wa tano, andika neno la pili la ukurasa wa kumi na moja. Maneno hayo yalikuwa katika kijitabu alichopewa kila mnunuzi, kilichochapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyekundu iliyokolea. Shangazi alikuwa amejaribu mwenyewe. Karatasi hiyo ukiiweka kwenye mashine ya fotokopi, inatoka nyeusi tii.

"Sasa na wanakili," alisema, na kwa mara ya kwanza mwezi huo alitabasamu.

Tabasamu hilo lilidumu mpaka Jumamosi ya pili. Asubuhi hiyo alifika mzee aliyevaa koti na miwani, viatu vimejaa matope. Alikuwa mwalimu Ndelilio, kutoka shule moja ya Mwika, na alikuwa ameondoka kwake alfajiri.

"Shikamoo mwalimu," alisema shangazi.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kesi." Alitoa bahasha mfukoni. Ndani yake kulikuwa na kijitabu chekundu, kurasa zimegandamana kama uji uliokaukia sufuriani. "Paa la ofisi yetu linavuja. Na hata kabla halijavuja, mimi kwa macho haya nilikuwa naona wekundu tu. Ilibidi niite watoto wanisomee. Sasa hawana cha kusoma. Shule nzima ina kompyuta moja, wanafunzi wangu wa darasa la saba wanaiangalia inauliza neno, nao hawana jibu. Sidii nilinunua kwako mwenyewe. Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mwalimu," shangazi alisema polepole. Akampa kijitabu kingine na kumwandalia chai, lakini mwenyewe hakunywa.

Mchana wa siku hiyo Elifuraha alimkuta Yakobo kando ya barabara na daftari la kurasa arobaini mkononi. Ndani yake kulikuwa na maneno yote ya kijitabu chekundu, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko mzuri kuliko wowote Yakobo aliowahi kumwonyesha mwalimu wao.

"Kaka Efraimu alinunua sidii moja tu, akatugawia kazi," Yakobo alieleza. "Tulikuwa wanne. Jioni moja tulimaliza. Huyo shangazi yako alidhani hatujui kuandika?"

Elifuraha hakucheka. Akilini alimwona mwalimu Ndelilio na viatu vyake vya matope, akamwona Jovin katika kibanda kisicho na kazi, na akaona kwamba yote hayo yalianza siku aliyosema "nakili". Akarudi nyumbani, lakini hakupitia mlangoni. Alipitia mpakani mwa kihamba chao, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, akakata jani moja la isale.

Isale, kwa Wachagga, halichezewi. Aliyekosa akilipeleka kwa aliyemkosea, aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe. Lakini hupelekwa na watu wazima, kwa mambo mazito ya ardhi na ndoa. Shangazi Priska alipoinua macho na kumwona mtoto wa miaka kumi na miwili amelishika kwa mikono miwili, alitaka kucheka.

"Wewe, umeua ng'ombe wa nani?"

"Si Jovin, shangazi," alisema Elifuraha. "Ni mimi. Nilimpa Yakobo sidii, nikamwambia anakili."

Kicheko kiliishia njiani.

"Ulikuwepo nilipomtaja Jovin?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, shangazi. Niliogopa hutatengeneza sehemu ya pili." Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke kwa kuwa mikono ilishika jani. "Na mwanzoni nilidhani ni kama mche wa mgomba. Ukimpa jirani, wako haupungui."

"Haupungui, ni kweli," alisema shangazi. "Lakini mche ule wa ndizi za mshare tuliouleta kutoka kwa bibi Monica, tulimwomba nani?"

"Bibi Monica."

"Na mchezo huu uliniomba lini?"

"Sikukuomba," alisema Elifuraha.

"Tena aliyepewa mche huchimba shimo, hutia samadi, hungoja mwaka mzima ndipo ale. Efraimu alichimba wapi?" Shangazi alinyoosha mkono akalipokea jani. "Nimekusamehe. Isale halikataliwi, nawe umelijua hilo vizuri sana. Lakini sasa mimi nami nina deni la kuomba msamaha. Sina uso wa kumtazama Jovin."

Alasiri hiyo waliteremka mjini wote wawili. Jani lile lilishamaliza kazi yake, kwa hiyo shangazi alikata jingine, akalibeba mwenyewe. Jovin alilitazama, akamtazama mwalimu mzima wa chuo amesimama mbele ya kibanda chake na jani mkononi, watu wa stendi wakigeuka kuangalia. Akalipokea.

"Yameisha, dada Priska," alisema. "Lakini jani hili haliwezi kunirudishia kwaya. Wao hawakunikosea. Waliambiwa."

"Nitawaambia mimi," alisema Elifuraha, kabla shangazi hajafungua kinywa.

Jovin akawavutia viti. Mazungumzo yakahamia kwenye kufuli, kwa sababu Jovin alikuwa mtu wa kazi na hakupenda kukaa na huzuni bure. Alishanakili michezo mingi ya Ulaya yenye kila aina ya kufuli, naye hakuwahi kuona lililodumu mwezi.

"Anayetaka kuiba ana muda," alisema. "Aliyenunua hana. Yeye anataka kucheza tu. Kwa hiyo kufuli lako linamkaba nani?"

"Mwalimu Ndelilio wa Mwika," alijibu shangazi.

"Basi liondoe. Badala yake andika jina la mnunuzi. Mchezo ukifunguka, kitu cha kwanza kionekane: mchezo huu umetengenezwa na Priska wa Machame, kwa ajili ya fulani wa mahali fulani. Atakayenakili atakuwa anatembea na jina la mwenzake."

Hayo ya majina yalizaa matunda baadaye, na si yote yaliyotarajiwa. Kunakili hakukukoma. Ila watu wengi walianza kuona aibu kucheza mchezo uliomsalimu mtu mwingine, na Efraimu, ambaye hakuna kufuli lililomtisha, alikwenda mwenyewe kununua sidii mpya kwa sababu alitamani kuona jina la banda lake kwenye kioo. Mwalimu Ndelilio alipata yake bure, ikiwa na jina la darasa lake la saba. Shangazi akapunguza vipindi viwili vya jioni, na kima wa Elifuraha akaanza kujifunza kuruka.

Lakini kabla ya hayo yote ilikuja Jumapili. Baada ya ibada kwaya ilibaki kufanya mazoezi, na Elifuraha akasimama mbele yao. Walikuwa watu thelathini, wengi wao wakimfahamu tangu alipobatizwa. Alisema alichokifanya. Alisema pia alichokificha, na hicho kilikuwa kigumu zaidi. Mwenyekiti, mtu mkavu asiyependa maneno mengi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia wenzake.

"Jumanne nitakwenda kwa Jovin," alisema. "Nami nina maneno ya kurudisha."

Walipokuwa wakipanda kurudi nyumbani, Elifuraha aliuliza jambo lililomkaa kichwani tangu jana.

"Shangazi, kama sidii ikinakiliwa haipungui, kwa nini Jovin alipungukiwa hivi?"

Shangazi alisimama apumue, kwa kuwa pale mlima ni mkali.

"Kwa sababu tulichokiharibu wewe na mimi si sidii," alisema. "Mchezo hunakiliwa mara mia, na wa mia ukawa sawa na wa kwanza. Nikiibiwa, nitaumia, kisha nitatengeneza mwingine. Jina la mtu ni moja tu, mwanangu. Ukilichafua huna pa kunakilia jingine. Utalisafisha hilohilo kwa kinywa chako mwenyewe, mbele za watu, kama ulivyofanya leo."