Kamba ya Mbuzi Kisiwani Pemba

— Faraja, nijibu vizuri. Ile mbuzi yenye iko kwa dirisha yenu, ni ya kukula ao ni ya kukuomba?

Sauti ya Papa ilinifikia kutoka Butembo ikiwa imejaa mikwaruzo, na nyuma yake nilisikia vikombe vya chai na vicheko vya wanaume waliojaa sebuleni. Nilichungulia nje. Mbuzi mwenyewe, dume jeupe lenye doa jeusi shingoni, alikuwa amesimama chini ya dirisha letu akitafuna pindo la kitenge cha shangazi yangu, Tante Kadogo, kilichoanikwa.

— Papa, bado sijajua.

— Hujajua? Miaka yote hii unasoma kilimo kwa chuo kikuu, na unashindwa kujua mbuzi?

— Mbuzi naijua, Papa. Sijajua yenye imeileta.

— Basi ujue mbio. Ba-oncle yako bote bako hapa kwa salon. Kila mumoja amevaa veste. Unafikiri bamevaa veste juu ya nini?

Akakata simu. Mbuzi naye akakivuta kitenge kizima kikaanguka.

Papa yangu, Issaka, ana duka la vitenge sokoni Butembo. Kijana ninayempenda anaitwa Maulidi, ni wa Beni, na ana lori la Fuso linalobeba kakao kutoka Mangina. Tulifahamiana Kalunguta, nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo pamoja na akina mama wanaolima kahawa. Lori lake lilikwama katika matope, naye alitaka kulisukuma. Nilimwambia kwamba udongo wa namna ile hausukumwi, unasubiriwa ukauke. Alisubiri. Tulizungumza mpaka jua likakausha njia, na hata ilipokauka hakuondoka upesi.

Shangazi yake, Zamda, aliolewa zamani na Mzee Faki, Mpemba aliyekuwa amefika Beni kununua mbao. Wanaishi kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Shangazi Zamda ndiye aliyeomba kumwona binti anayezungumzwa na mtoto wa kaka yake kila anapopiga simu. Papa alikubali kwa sharti moja: dada yake, Tante Kadogo, asafiri nasi, alale chumbani mwangu, na kila tutakapoketi kwenye benchi, yeye aketi katikati.

Hivyo, likizo ya chuo ilipofika, tulipita mpakani Kasindi, tukavuka Uganda na Tanzania kwa basi, kisha tukapanda meli. Nilikuwa nimetarajia kisiwa tambarare cha mchanga mweupe na wageni waliolala juani. Nikakuta vilima vya kijani vinavyofuatana kama vya kwetu Lubero, isipokuwa mwisho wake dunia iligeuka maji. Karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi kando ya barabara, na harufu yake iliingia mpaka ndani ya maji ya kunywa. Palikuwa kimya kiasi kwamba Tante aliniuliza kwa kunong'ona:

— Bantu ya hapa bameenda wapi?

— Wako kazini, Tante.

— Kazi gani yenye haina kelele?

Tulipofika, Mzee Faki alitupokea uani akiwa amemshika yule mbuzi.

— Karibuni, wageni wangu. Bi Kadogo, wewe ndiye mkubwa wa msafara. Shika kamba, huyu ni wako.

— Wangu mimi?

— Wako kabisa. Wewe sema tu lini.

Kwetu, mbuzi akitoka upande wa kijana, na kamba yake ikawekwa mkononi mwa shangazi wa binti, binti ameombwa. Akiipokea kamba, ukoo wote umesikia maombi. Tante Kadogo alijinyoosha, akaufunga mtandio upya, akaipokea kwa mikono miwili.

— Tumesikia, alisema kwa sauti nzito. Na nyumbani batasikia.

Mzee Faki alidhani ameshukuriwa. Akageuka kumwita jirani alete kisu.

— Kisu ya nini? Hapana! Hii mbuzi hapana kuguswa! Inangojea benye mamlaka!

Mzee akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayemwachia mgeni mambo yake. Tante alimfunga mbuzi dirishani, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshapiga simu Butembo.

Nilimvuta Maulidi pembeni.

— Ni wewe ulimutuma Mzee?

— Mimi? Sikutuma mutu. Mais...

— Lakini nini?

— Mais sikatai.

Akacheka, akatazama viatu vyake. Nilijua anavyocheka akiwa na furaha, na nilijua anavyocheka akiwa anaficha jambo. Hapo vilikuwa vimechanganyika.

Siku iliyofuata alitutembeza mahali ambapo wageni wengi hawafiki. Kule Kidike tulisimama chini ya miti mirefu iliyojaa popo wakubwa, wekundu mgongoni, wamening'inia mchana kweupe wakijipepea kwa mbawa. Tante alirudi nyuma.

— Maulidi, mwanangu, hii ni popo ao ni imbwa yenye imevaa manteau ya mvua?

— Ni popo, Tante. Hapana kupatikana kwingine kwa dunia, ni hapa Pemba tu. Zamani bantu balibawinda mpaka karibu baishe. Kisha banakijiji bakakaa, bakasema: tunabachunga.

— Nani alibalazimisha? niliuliza.

— Hakuna. Baliamua tu.

Nilibaki nimeinua shingo mpaka ikauma. Kijiji kizima kimekubaliana kulinda kitu kisichopendeza sana, kwa sababu tu ni chao na hakipo kwingine. Nilifikiria milima yetu.

Kisha tukaenda Pujini, kwenye magofu ya mtawala wa zamani anayeitwa Mkama Ndume. Wenyeji wanasimulia kwamba alijenga ukuta ndani ya kisima, ili wake zake wawili wateke maji bila kuonana. Tante aliinama kukichungulia.

— Alijenga ukuta ili bibi yake basijue mambo? Na masikio je? Maji ile ile, kisima ile ile! Wanaume, kweli.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Maulidi hakucheka. Jioni hiyo ujumbe wa rafiki yangu Falonne uliingia:

"Chérie, hapa Butembo banasema umeisha kuolewa na Mupemba mwenye karafuu. Ni kweli? Mama yangu ameisha kupima robe ya ndoa."

Asubuhi yake ndipo Papa aliponipigia ile simu. Nilikuwa bado ninaokota kitenge nilipomwona Mzee Faki akija, amevaa kanzu safi, uso umekunjamana.

— Bi Kadogo, nimekukosea nini?

— Mimi? Hapana kitu, Mzee.

— Nimekupa mbuzi, hutaki achinjwe. Majirani wananiuliza kama nimempa mgeni mbuzi mgonjwa. Mke wangu ameroweka mchele mara mbili. Nieleze, maana mimi naaibika.

Tante Kadogo alishika kiuno, akamweleza yote: kamba, shangazi wa binti, wajomba waliovaa makoti ya veste Butembo. Mzee Faki alisikiliza akiwa ameduwaa, kisha akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka.

— Kumbe! Mie nataka mle pilau, nyie mmeshapokea posa! Basi na iwe posa, imekuja kwa heri. Tena wakati wake mzuri, maana nyumba yao imeshaezekwa.

— Nyumba ya nani? nilimwuliza.

— Yenu, mwanangu. Ile tuliyomjengea Maulidi kule juu penye mikarafuu. Kwani Maulidi hajakwambia kuwa mtaishi huku?

Shangazi Zamda, aliyekuwa anapepeta mchele, alimtazama mumewe kama mtu anayetazama chungu kinachofurika. Maulidi alikuwa amesimama mlangoni. Hakukana.

— Twende unionyeshe, nilimwambia.

Tulipanda kilima. Tante alitufuata kwa mbali, kwa kuwa sharti la Papa halikuwa limefutwa. Nyumba ilikuwa ndogo, mabati yake mapya yaking'aa, mlango wake wa buluu, na kutoka barazani bahari ilionekana yote. Ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio ulionichoma.

— Nilitaka ikuwe surprise, alisema.

— Surprise ni gâteau ya sikukuu, Maulidi. Nyumba ni maisha. Hapana kumufanyia mutu surprise ya maisha yake.

— Faraja, unisikilize kwanza. Tangu Éliakim hakurudi...

Éliakim alikuwa dereva mwenzake. Aliuawa na watu wenye silaha katika njia ya Mangina mwaka uliopita, na Maulidi ndiye aliyelirudisha lori lake nyumbani.

— Kila asubuhi naaga mama yangu sawa vile mutu yenye haina hakika ya kurudi. Hapa unaona bantu banafunga mulango na kijiti. Kijiti, Faraja! Nilipoona ile kijiti njo nikasema: bibi yangu atalala hapa.

— Na kwa nini hukuniuliza?

— Juu niliogopa utasema hapana.

— Donc, kumbe ulikuwa unajua.

Alinyamaza. Upepo ulipita katika mikarafuu. Kutoka nyuma ya mti mmoja ikatoka sauti ya Tante:

— Musinyamaze! Mukinyamaza sisikie kitu!

Tulijaribu kubaki na hasira lakini kicheko kilitushinda, na baada ya kicheko maneno yakawa mepesi kutoka. Tuliketi kwenye ngazi ya nyumba ile.

— Mimi pia naogopa, nilimwambia. Usifikiri naipenda ile hatari. Mais bamama ya Kalunguta bananingojea. Tulipanda kitalu ya kahawa pamoja, nikabaahidi: nikimaliza masomo, nitarudi kutumika kazi na ninyi. Nikikaa hapa kutazama bahari, itakuwa nzuri mwezi moja. Kisha nitakuwa mutu yenye alidanganya.

— Na mimi je? Nikikufa kwa njia?

— Sitaki ukufe kwa njia. Sitaki pia ukufe hapa kwa hamu ya nyumbani. Jana jioni uliongea na Mzee mpaka chai ikapoa. Mulikuwa munaongea nini?

Akajikuna kichwa.

— Beni.

— Na juzi?

— Beni pia. Na bei ya kakao.

— Na wakati tuliangalia popo, ulisema nini?

— Nilisema ingekuwa kwetu, ingekuwa imenona zaidi.

— Unaona? Mwili uliuleta huku, mais kinywa ilibakia kwetu.

Alicheka, safari hii bila kuficha kitu. Kisha akaokota kijiti, akachora njia mavumbini, akaifuta moja.

— Nikiacha njia ya Mangina? alisema hatimaye. Fuso ibebe mizigo ya muji tu, soko na maduka ya Butembo. Faida itapunguka.

— Ipunguke. Nitakuwa na kazi mimi pia.

— Na kisiwa?

— Nimeipenda kweli. Tutakuja tena, kila mara likizo itaruhusu. Mais usinifiche tena kitu. Kama ni kuogopa, tuogope wawili. Kama ni kuamua, tuamue wawili.

— Nakuapia. Nisamehe, Faraja.

— Nimekusamehe. Basi shuka ubaambie.

— Hapana, mimi siwezi kuongea. Kwetu, siku ya mbuzi, ni binti njo anaulizwa.

— Kweli! alisema Tante, akitokeza akiwa na majani kichwani. Na mimi nimeisha kuomba vocha kwa Zamda. Papa yako anangojea kwa vidéo.

Walipanga viti uani. Simu iliegemezwa juu ya kinu kilichofunikwa, na ndani yake tukaiona salon yetu ya Butembo: Papa katikati, wajomba na baba wadogo pembeni, veste zote zimefungwa vifungo. Mzee Faki alisalimia kwa heshima, Shangazi Zamda akapiga kigelegele kilichomfanya mbuzi aruke. Mmoja wa baba wadogo akainua kidole.

— Na ile mbuzi itapita je kwa mipaka? Iko na passeport?

— Itapita tumboni mwetu, bwana, alijibu Mzee Faki. Nami nitawatumia fedha ya mwenzake, mnunue huko huko mmshike kamba wenyewe.

— Tunakubali! wakajibu kwa pamoja, wakipigana mabega.

Papa akainua mkono. Maulidi alikuwa upande wa Mzee Faki, nami upande wa Tante, kama desturi inavyotaka. Alinitazama bila kupepesa.

— Faraja, mwanangu, Papa alisema polepole. Mbele ya ba-oncle yako na mbele ya benye bameleta mbuzi, nakuuliza. Tuipokee ao tuirudishe? Sema wewe, na sema kwa nguvu, tusikie bote.

Nilisimama. Niliisogelea simu.

— Muipokee, Papa. Nakubali Maulidi akuwe bwana yangu. Ndoa itakuwa Butembo, nikiisha kumaliza masomo. Tutakaa Butembo: mimi nitatumika na bamama ya Kalunguta, na yeye anaacha njia ya Mangina tangu leo. Mzee Faki, Shangazi, tunabashukuru kwa nyumba, mais hatutaikaa. Tunaomba mubakaribishe ndani bageni benye banakuja kuona hii kisiwa, na sisi tutakuwa bageni benu kila tutakapopata likizo. Hakuna mutu ametulazimisha. Tumeamua sisi wawili.