Siku Tatu za Mzee Ambakisye

Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, Mzee Ambakisye Mwaipopo alirudishiwa maisha yake. Kikumbushi, kifaa kidogo kama punje ya hindi kilichopandikizwa nyuma ya sikio, kilivuta kumbukumbu zake kutoka Ghala la jiji la Mbeya na kuzimimina taratibu katika ubongo uliokuwa umeshindwa kuzihifadhi. Mchana kutwa kilirekodi mapya na kuyapeleka Ghalani. Bila hicho, ugonjwa wa usahaulifu ungemwacha mtupu. Nusu ya wazee wa jiji waliishi hivyo.

Aliyesimamia umeme wa Ghala ni mhandisi Tusekile Mwambene, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Kumbukumbu zilizoingia hazikwenda moja kwa moja kwenye diski. Zilipokelewa kwanza na chombo chenye kasi ambacho mafundi walikiita sebule, maana zilisubiri humo kama wageni kabla ya kuoneshwa vyumba vya ndani. Sebule ilikuwa na udhaifu mmoja: ikikosa umeme, inasahau kila kitu. Ndiyo maana ilipewa betri yake, iishikilie mpaka jenereta liwake.

Wiki ile betri ilivimba. Mashine yenyewe iligundua, ikafunga sebule na kuanza kuandika moja kwa moja kwenye diski. Hakuna kilichoweza kupotea, ila kasi ilianguka vibaya. Wazee wakawa wanaamka kabla kumbukumbu zao hazijafika. Mmoja alikutwa barabarani amejifunga shuka, akimtafuta kamanda wake wa jeshi.

Mkurugenzi, Dakta Kyando, akamwita Tusekile.

"Fungua sebule."

"Betri haifai, Dakta. Umeme ukikatika hata kidogo, vilivyomo vyote vinapotea."

"Mpya inafika lini?"

"Jumatatu."

"Umeme wa mvuke wa ardhini haujakatika mwaka mzima huu. Unataka mzazi wa mtu ashinde hajijui mpaka Jumatatu?"

Hakuwa mtu katili, na Tusekile alikuwa ameiona picha ya yule mzee wa shuka. Alirudi kwenye seva, akauzima kwa mkono wake mwenyewe ulinzi uliofunga sebule. Kasi ikarudi, simu za malalamiko zikakoma. Lakini diski zilikuwa zimelemewa na viporo, hivyo tangu Jumatano wageni walizidi kurundikana sebuleni, hawajaingizwa ndani.

Jumamosi mchana ardhi ilitikisika. Halikuwa tetemeko la kutisha. Vikombe viligongana kabatini, basi. Lakini mtambo wa mvuke ulijizima kama ulivyofundishwa, na taa za Ghala zikafa. Tusekile alishuka ngazi mbio huku akilisikiliza jenereta. Lilikohoa, likakohoa tena, likawaka. Betri haikuwa imeshika hata kwa pumzi moja. Diski zilikuwa salama zote. Sebule ilikuwa tupu, na mpaka usiku wa manane haikupokea kitu kipya.

"Ni siku tatu tu," alisema Dakta Kyando, akijifuta jasho. "Mtu ameishi miaka themanini, siku tatu ni nini?"



Jumatatu, alipokwisha kufunga betri mpya, aliitwa Uyole, nyumbani kwa Mzee Ambakisye. Viti vya kukodi vilikuwa bado vimepangwa uani. Binti wa mzee, Lugano, alimpokea mlangoni, macho yamemvimba.

"Mama alifariki Jumatano. Ijumaa tukamzika," alisema. "Jana baba kaamka, kwake bado ni Jumanne, mama yuko hospitali. Nikamdanganya kwamba mgonjwa anapumzika, tusimsumbue. Leo hanisikii, amevaa koti anataka kwenda. Dada yangu, mimi nilishamwona akiupokea ule msiba mara moja. Siwezi tena. Nyie mliomsahaulisha, mwambieni nyie."

Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, amepakata chupa ya uji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva?"

"Hapana, mzee. Mimi ni mhandisi wa Ghala." Tusekile akapiga magoti mbele yake. "Mama Lugano hatunaye tena. Alifariki Jumatano, mkamzika Ijumaa. Umeme ulikatika, siku zako zikapotea mikononi mwetu. Betri ilikuwa mbovu. Nilijua, na bado nikaitumia."

Mzee aliiweka chupa sakafuni kwa uangalifu, kana kwamba ingeweza kuumia.

"Nilikuwepo?" aliuliza. "Wakati anakufa?"

"Ulikuwepo, baba," alisema Lugano kutoka mlangoni. "Wewe peke yako. Alitutoa sote, akasema ana neno na wewe. Mlijifungia humo chumbani mpaka nesi alipotuita."

"Neno gani?"

"Hukutuambia. Nilikuuliza makaburini, ukasema, hili ni langu."

Mzee akamgeukia Tusekile. "Litafute."

"Halipo, mzee."

"Hata kipande?"

"Hata kipande."

Akalia. Alilia bila sauti, mdomo wazi, na hapakuwa na mtu wa kumsaidia, kwa sababu aliyejua la kumfariji ndiye aliyezikwa. Lugano akamvuta Tusekile pembeni.

"Zima hicho kifaa leo, kisirekodi haya," alinong'ona. "Nakuomba. Kesho aamke hajui. Nitamwambia mama kasafiri."

Tusekile alikuwa na uwezo huo. Alitoa rimoti mfukoni, akaishika bila kubonyeza. Mzee, ambaye masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, akainua uso.

"Betri yenu ya sasa ni nzima?"

"Ni mpya, mzee. Nimeifunga leo."

"Basi kiacheni kiandike," alisema. "Nikiamka kesho nataka nijue kwamba kuna neno aliniambia. Hata kama silijui."

Akaanza kuvua koti, kifungo kimoja kimoja. Lugano akaenda kulipokea.