Shuka za Njano

Kila jioni, kabla giza halijaingia, Kiranja alipanda juu ya paa la ghorofa nne kuanua nguo. Bibi yake alikuwa dobi, na magoti yake yalikuwa yamegoma kupanda ngazi. Jina la Kiranja alilipata darasani kwa kutunza vifaa vya mwalimu, na nyumbani nako likamganda. Siku hiyo mfukoni alikuwa na kalamu ya leza ambayo mwalimu huitumia kumulika ubaoni. Alipaswa kuwa ameifungia kabatini shuleni.

"Dada, anua kwanza shuka," alisema mdogo wake. "Bibi atafoka."

"Bibi hafoki, anakohoa tu. Tazama, ndege ya wagonjwa! Ngoja niisalimie."

Alibonyeza. Mstari wa kijani ukapasua anga. Ndege, iliyokuwa ikishuka kuelekea uwanjani, ikayumba, ikanguruma, ikapanda tena. Ikazunguka. Ikashuka, ikapanda tena.

"Mbona haitui?"

Kiranja aliizamisha kalamu kwenye ndoo ya vibanio vya nguo. Ngurumo ilizunguka juu ya mapaa, mara ikakatika ghafla. Imetua, au imeanguka?

Giza lilipoingia walikuwa bado pale, ndipo walipomsikia Bibi akijikokota ngazini, akihema. Mbele yake alikuwa askari wa kike.

"Rubani aliona mwanga ukitoka kwenye paa lenye shuka za njano," alisema askari. "Hizi ni za nani?"

"Za wateja wangu, afande. Lakini mwanga huo siujui, mwanangu."

"Basi utaujulia kituoni, mama."

Bibi alifungua kanga yake, akaifunga upya. Mdogo wa Kiranja alimtazama dada yake, kisha akaitazama ndoo.

"Si Bibi," Kiranja alisema. Aliingiza mkono kwenye vibanio, akaitoa kalamu. "Ni mimi."

Walikwenda kituoni wote. Rubani alikuwa ameketi, kitambaa chenye maji kimefunika jicho moja.

"Mgonjwa yu hai?" Kiranja alinong'ona.

"Yu hai. Nilitua mara ya tatu, kwa jicho hili lililobaki."

Askari aliichukua kalamu, akaandika. "Kumulika ndege au gari kwa leza ni kosa kisheria. Shauri lako litasikilizwa, na Bibi atafika pamoja nawe."

Kiranja alianza kulia. Rubani akasogeza kiti chake.

"Umesema kweli, ndiyo maana Bibi yako leo atalala kwake. Lakini sikia, binti. Mkononi mwako ile leza ni nukta tu. Ikifika kwenye kioo cha ndege huenea kioo kizima, nami sioni ardhi. Wewe uliona ndege. Ndani yake tulikuwa watu wanne."