Niliwaonyesha Kaburi la Neema

Nina miaka thelathini na sita, mwalimu wa historia hapa Kisangani, na sijaolewa. Ndugu wasomaji, haya ninayoyaandika sijawahi kuyasema hata kwa padri...

Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo. Nililelewa na Tonton Bosco, kaka wa mama yangu, mvuvi wa pale kwenye maporomoko ya Wagenia. Mitego yake ya samaki ndiyo iliyonisomesha hadi chuo kikuu. Huko ndiko nilikompenda Didier.

Didier alikwenda Ulaya kusomea akiolojia. Mwaka juzi alirudi na timu ya watafiti, bado akiniita mchumba wake! Walitaka kujua watu wa kwanza kujenga vijiji kando ya mto wetu walitoka wapi. Alinieleza kwamba siku hizi jino moja la mtu wa kale linaweza kusimulia ukoo mzima, kwa sababu DNA, ile alama tunayorithi kwa wazazi, hubaki ndani ya mfupa. Mimi, mwalimu wa historia, ningekataaje?

Mahali penyewe palikuwa kijiji chetu cha zamani, nyuma ya shamba la Tonton. Alikataa katakata. Nilimbembeleza majuma mawili, nikalia, mpaka akachoka.

"Bon, bachimbe," alisema. "Lakini batu yetu babaki fasi yao. Na kwa Neema, mutu asikaribie!"

Alimaanisha waliozikwa pale wabaki mahali pao. Neema alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyefariki kabla hajajua kutembea. Msalaba ulishaoza, kaburi tulilijua sisi wawili tu. Nikamwonyesha Didier... ili walikwepe!

Mwanzoni nilikuwa na furaha isiyo kifani. Vilitoka vigae vya vyungu, kisha mifupa ya mwanamke wa kale, chungu kizima kando ya kichwa chake. Didier aliapa watachukua jino moja tu, kisha watamfukia. Akaniletea karatasi, nisaini kwa niaba ya familia.

"Chérie, ni ya lile jino tu."

Kurasa nne za Kifaransa, lugha ninayofundishia! Nilisaini bila kusoma hata mstari mmoja. Mapenzi yalikuwa yamenipofusha kiasi gani?

Kesho yake nilipotoka shuleni, nilimkuta Tonton amepiga magoti shambani. Shimo la yule mwanamke lilikuwa tupu. Na hatua chache pembeni... la Neema pia!

Nilikimbilia uwanja wa ndege kwa pikipiki. Walikuwa wameshaondoka. Siku ya tatu ndipo Didier alipopokea simu. Alisema walihitaji mifupa ya mtu wa karibuni, wa mahali hapohapo, ili kuilinganisha na ile ya kale. "Ulisaini mwenyewe," akaongeza, akakata. Hajanipigia tena hadi leo.

Nilipoisoma nakala yangu, ukurasa wa tatu ulisema: mifupa yote, bila kurudishwa.

Tonton hakunipiga wala hakunitukana. Aliuliza tu, "Nani alibaonyesha fasi ya Neema?" Nilimpigia magoti. Akajua.

Tangu hapo nimeandika barua zisizo na idadi. Mwezi uliopita maabara ya Ulaya iliyopokea mifupa ilijibu: watamrudisha mtoto, lakini baba atume kwanza mate yake, maana nayo yana DNA, wahakikishe kweli ni wake. Wakaambatanisha kichupa.

Nilimsomea Tonton barua ile. Alikuwa kando ya mto, anasuka mtego. Aliusukuma pembeni.

"Kumubeba, habakuuliza iko mutoto ya nani. Leo ndiyo banauliza?"

Nikadhani atakivunja kichupa. Alitema mate ndani yake, akakifunga vizuri, akanipa.

"Hii iko ya Neema," alisema. "Wewe, sijakusamehe."

Nilikituma siku ileile. Bado tunasubiri...

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi! Anayekupenda hatakuharakisha kusaini. Soma kila ukurasa, na usome kwa sauti mbele ya wazee wako, wakuulize maswali. Mimi niliona aibu kumwuliza Didier swali moja. Leo napita mbele ya nyumba iliyonilea, na mlango haufunguliwi.