Mikono Kwenye Kibao cha Mbuzi

Kisomamguso kilipopitisha mwanga wake juu ya sepetu la mvuna chumvi, mikono ya mvunaji ilitokea kwenye ukuta wa makumbusho, ikichota. Mvuna chumvi mwenyewe alikufa kabla mji wa Tanga haujahamishiwa mlimani. Mashine hiyo husoma mikwaruzo na mabonde ambayo ngozi huacha kwenye kifaa, kisha huonyesha mikono iliyoyaacha.

Mwanasha, fundi wa makumbusho, aliiazima kwa Jumapili moja. Alitaka kuiona mikono ya marehemu mama yake ikikuna nazi tena. Hakutaka kingine.

Lakini kifaa kikiwa kimeshikwa na wengi, mashine hutaka kwanza video za kila mmoja, ijue alama zipi ni za nani. Video za mama zilibaki kwenye kompyuta ya zamani ya nyumbani tu, na kompyuta ile ilijua kuunganishwa kwa waya, basi.

"Dada, sanduku hilo ni zee kuliko mimi," alisema Mishi, mdogo wake. "Lisije likatulipukia."

"Shika waya, punguza mdomo."

Aliunga waya kwa adapta aliyoitengeneza mwenyewe. Kompyuta ikaandika: kifaa hakitambuliki. Akaweka programu ya kuitafsiria lugha ya mashine mpya, akaizima, akaiwasha. Feni ikakoroma. Kisomamguso kikawaka.

Wakaweka mbele yake kibao cha mbuzi cha mama. Ukutani ikatokea kwanza mikono iliyoacha alama nyingi zaidi, ikikuna nazi mbiombio.

Mishi akaangua kicheko. "Huyo si wewe? Nani mwingine anakuna kama anafukuzwa?"

Ilikuwa kweli. Tangu mama afariki, Mwanasha alikikalia kibao kile kila siku, asitake kumwachia mtu. Kwa kumkumbuka, alikuwa amemfuta kidogo kidogo.

"Mama hakubaki hata kidogo?" Mishi aliuliza. Hakuwa akicheka tena.

Mwanasha akaiamuru mashine iondoe alama zake yeye. Ukuta ukawa mtupu. Kisha, kwenye ukingo wa kibao, mahali ambapo Mwanasha hakuwahi kushika kwa kuwa magoti yake bado mazima, ukatokea mkono mmoja. Kiganja kikakandamiza ubao, kama mama alivyokuwa akijiegemeza ili ainuke. Kikaachia. Kikarudia. Kila mara mama alikuwa anaondoka.

Mwanasha akavuta stuli, akakaa karibu na ukuta.

"Kaa kwanza, mama," alisema. "Nazi bado."